Falkhult ya Mti na Falkhult ya Plastiki

Jumatatu, 1 Oktoba

Shemeji kanunua bunduki. Si bunduki hivi hivi. Kanunua Falkhult, jina lile lile la bunduki yangu, toleo la mwaka huu, na kaileta jikoni kwangu kabla sijamaliza uji.

Kjell-Ove ni kaka wa mke wangu. Nilimfundisha udereva alipokuwa kijana, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu mpaka nilipostaafu, na hadi leo akirudisha gari nyuma anatazama mbele. Mtu wa namna hiyo ndiye anayechagua bunduki kwa picha.

Nikatoa yangu kabatini. Tukazilaza mezani sambamba. Yangu ilitengenezwa wakati kiwanda kilikuwa na mafundi. Kitako cha mti wa mjozi, mistari yake kama asali iliyomwagika. Chuma kimekolea rangi ya buluu mpaka kinaonekana cheusi. Komeo ukilivuta linateleza kimya, likifika mwisho linasema "tak" moja, kama mtu mwenye heshima anayefunga mlango. Yake ina kitako cha plastiki ya kijivu, rangi ya ndoo ya kudekia. Kasha la risasi linachomoka kwa kubonyeza kitufe, kama betri ya simu. Komeo lake lina sauti ya zipu ya suruali. Nilimwambia hivyo. Akacheka. Ndiyo tabu ya watu hawa, ukiwatukana wanaona umewatania.

Akaomba kuishika yangu. Nikamruhusu, baada ya kufuta mikono. Akaishika muda mrefu mno. Akapitisha kidole gumba kwenye kitako, akakinusa kama mtu anayenusa mkate. Alikuwa anatafuta kasoro. Hakuipata.

Bunduki hii nilikabidhiwa na marehemu mzee Anselm, baba yao mke wangu Gunvor na Kjell-Ove. Hakumkabidhi mwanawe. Alinikabidhi mimi, mkwe. Siongezi neno.

Gunvor alisema tuondoe vyuma vyetu, anataka kuweka maandazi ya mdalasini mezani.

Sasa habari kubwa. Mzee Birger amefanyiwa upasuaji wa nyonga, mwaka huu hawindi. Kituo chake cha kuvizia kiko wazi. Watu wote wanakiita Jiwe, mwamba ulioko kati ya vinamasi viwili, ambapo kulungu wote wa msitu huu hupita kana kwamba wamechorewa ramani. Kulungu wetu ni wakubwa kuliko farasi, na bado kuna watu wamekaa vituo vingine miaka nenda rudi bila kuona hata kwato. Ragnhild, kiongozi wa kikundi chetu cha uwindaji, ametangaza kwamba Jiwe litapewa atakayelenga vizuri kuliko wote Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha. Ragnhild ana kiwanda cha mbao, na sauti inayofanana na kiwanda chenyewe. Msimu unaanza Jumatatu ijayo.

Jiwe ni langu. Kilichobaki ni kupanga tu.


Jumanne, 2 Oktoba

Nimeamua kumvunja shemeji nguvu mapema. Njia: kulinganisha bunduki ya zamani na ya sasa mbele ya shahidi, kwa haki kabisa. Vipimo nitachagua mimi.

Nikamwita Ragnhild awe shahidi. Akaja na mbwa wake Tussa, ambaye alilala chini ya meza na kuondoka na soksi yangu.

Kipimo cha kwanza, uzuri. Nikashinda. Ragnhild alisema hakuna aliyeuliza, lakini sawa. Kipimo cha pili, sauti ya komeo. Nikashinda tena. Kipimo cha tatu ndicho nilichokitegemea. Falkhult za zamani zina ukucha wa chuma unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye kasha mpaka inapoingia mtutuni, kwa hiyo hata ukiigeuza bunduki miguu juu risasi haidondoki. Nikamweleza Ragnhild jambo hili kwa kina. Akala andazi. Nikaeleza tena kwa kuchora. Akala la pili. Nikaigeuza yangu, nikavuta komeo, risasi ya mazoezi ikaingia bila kutikisika. Nikamwambia shemeji sasa zamu ya ndoo.

Akaigeuza yake. Risasi ikaingia bila kutikisika.

Inaonekana kiwanda kimeurudisha ukucha. Kjell-Ove alieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba kwa miaka mingi waliutoa ili kupunguza gharama, wateja wakalalamika, ndiyo wakaurudisha. Hakuna aliyenipa taarifa.

Ragnhild akaniuliza, "Mwalimu, kwani wewe huwa unawinda umesimama kwa kichwa?"

Nikahamia kwenye uzito. Yangu ni nzito zaidi, na nikasema uzito ni sifa, hutuliza mkono. Kjell-Ove akakubali. Nikasema pia kwamba mti una uhai. Akakubali. Hakuna kitu kinachochosha kama kugombana na mtu anayekubali kila kitu.

Kesho wanatabiri mvua. Vizuri sana. Nimependekeza bunduki zote mbili zinyeshewe tangu asubuhi mpaka jioni, tuone ipi ni ya kiume. Kjell-Ove akauliza kama mti hautavimba. Nikamjibu kwamba mti ulionyeshewa tangu yeye hajui kufunga kamba za viatu hauna jipya la kujifunza kwa mvua.


Jumatano, 3 Oktoba

Mvua. Nzuri, nene, ya kuendelea.

Sheria hairuhusu kuacha bunduki nje peke yake. Kwa hiyo tulikaa nazo. Viti viwili vya bustanini, makoti mawili ya mpira, chupa moja ya kahawa, na Falkhult mbili zimeegemezwa kwenye uzio mbele yetu kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mwanamke wa posta alisimamisha gari, akateremsha kioo, akauliza kama kuna mwizi tunayemsubiri au tumefukuzwa na wake zetu. Alifeli mtihani wa barabarani kwa kuendesha taratibu mno. 

Kukaa na Kjell-Ove kutwa nzima ni adhabu. Anapenda kukumbuka.

"Baba alikuwa ananipeleka Jiwe," akasema. "Nikiwa mdogo hivi. Ananiwekea hii hii begani. Ananiambia, pumua kwanza, mwanangu, kulungu hana haraka."

Nikamwambia asogeze kiti, anamwagia kahawa buti langu.

"Ikilowa inavuta kushoto," akaendelea. "Baba alikuwa anaijua. Analenga kulia kidogo, upana wa kiganja hivi, halafu inakaa pale pale."

Hii ni kashfa. Nikamwambia bunduki yangu haijawahi kuvuta popote, na kama inavuta basi anavutwa anayeishika. Akatazama kinamasi upande wa pili wa barabara. Akasema mwaka ule baba yake anaumwa yeye alikuwa Norway kwenye meli za mafuta, na kila akitaka kurudi palikuwa na zamu nyingine, na nyingine, na siku aliporudi alikuta kanisa limeshafungwa na watu wako kwenye kahawa ya msiba. Alisema hivi akiitazama bunduki yangu, si mimi.

Nilielewa mara moja. Anajaribu kunilegeza kwa huruma kabla ya Jumamosi. Mbinu ya kitoto. Nikammiminia kahawa kidogo, ya chini kwenye chupa, ile yenye machicha.

Jioni tulizifuta. Ya plastiki ilifutwa mara moja ikawa kama imetoka dukani. Yangu ilihitaji taulo la Gunvor. Taulo zuri. Kumbe lilikuwa la wageni.


Alhamisi, 4 Oktoba

Tulienda uwanja wa shabaha kuzijaribu. Ragnhild alikuwepo, akirekebisha injini inayovuta kulungu wa mbao.

Kjell-Ove alipiga kwanza. Matundu yake yalikaribiana kiasi kwamba ningeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda. Nikasema karatasi imesimama tu, hata mpiga picha angeipata.

Nikapiga mimi. Matundu yangu pia yalikaribiana. Hilo liandikwe. Isipokuwa yalikaribiana kushoto, upana wa kiganja kutoka katikati.

Nikasema ni upepo. Ragnhild akalamba kidole, akakiinua juu. Akakaa hivyo kwa muda. Akasema, "Upepo gani, mwalimu? Hata nzi wanalalamikia joto."

Kjell-Ove akainua kiganja chake, akakitazama, akakirudisha mfukoni.

Nyumbani ilikuwa supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Nikaifikiria hali hii huku nakula. Mti umekunywa maji, umevimba, unausukuma mtutu pembeni. Ni jambo la unyevu tu. Unyevu ukiondoka, ukweli utarudi. Na katika nyumba hii kuna mahali pamoja palipojengwa mahsusi kwa kutoa unyevu.

Nimefungua skrubu. Kitako kiko sauna, chumba chetu cha kuogea kwa joto la mawe, benchi la juu kabisa, penye joto zaidi. Nimewasha jiko na kuweka kuni za kutosha. Shemeji na kiganja chake watashangaa.


Ijumaa, 5 Oktoba

Gunvor aliamkia sauna na taulo lake begani, akakuta kitako cha bunduki kimelala benchi la juu kama mgeni. Alirudi jikoni akauliza kama mgeni wangu angependa kumwagiwa maji kwenye mawe, au amezoea joto kavu.

Nilikwenda kukichukua. Kimekauka. Hilo nililitaka. Kimekauka zaidi kidogo ya nilivyotaka. Kwenye shingo, pale mkono unaposhika, kuna ufa. Sio mkubwa. Unaanzia kwenye skrubu ya nyuma na unakwenda mpaka unapochoka.

Nilikaa kwenye benchi la chini, nimevaa nguo zangu zote, nikakishika magotini. Mzee Anselm alikibeba kitako hiki theluji na jua mpaka kikachukua umbo la mkono wake. Nilijisikia vibaya kwa muda. Halafu nikakumbuka kwamba tatizo la kweli si ufa, ni watu kuuona.

Dawa ya viatu ya kahawia, tabaka tatu. Ufa umepotea. Sasa kinaonekana bora kuliko mwanzo, ila kinanuka kama jeshi.

Lakini ukipiga risasi ufa utafunguka. Mimi si mjinga. Bunduki ikifunguka mikononi mwangu, mbele ya watu, nitachekwa mpaka Pasaka. Hivyo lazima isifungukie mikononi mwangu.

Nimempigia Kjell-Ove simu. Nimemwambia kwamba nimetafakari, na sisi ni ndugu, na ulinganisho wa haki ni kubadilishana. Kesho yeye apige na ya baba yake, mimi nipige na yake. Matokeo ya kila mtu yawe yake. Nikitumia ile ya plastiki inayopiga pale pale, Jiwe ni langu. Ufa ukifunguka, aliyeufungua ni yeye.

  Akasema, taratibu, "Shemeji, una uhakika?"  Nikasema nina uhakika. Akasema asante mara nyingi kupita kiasi.

Masikini. Kaingia mtegoni na bado anashukuru.


Jumamosi, 6 Oktoba

Naandika haya kwa ukweli, ili baadaye watu wasipotoshe.

Kikundi kizima kilikuwepo. Ragnhild, Tage jirani, ndugu wawili wenye shamba la ng'ombe, mzee Birger na fimbo zake. Gunvor alikuwa kwenye kibanda akiuza kahawa na soseji. Kulungu wa mbao huvutwa kwenye reli, anatokeza upande mmoja wa uwazi na kuzama upande mwingine. Unapiga akiwa amesimama, halafu akiwa anakimbia.

Nilikuwa wa kwanza. Sasa, kifyatulio cha Falkhult yangu ni kizito kama mlango wa benki. Unakivuta, unafikiri, unakivuta tena, ndipo inalia. Cha hii mpya ni kama unyoya. Hakuna aliyeniambia. Niliweka tu kidole mahali pake nikimsubiri kulungu atokeze, na bunduki ikalia. Kulungu alikuwa bado ndani. Risasi iliingia kwenye tuta la mchanga. Ya pili niliishika kwa uangalifu mkubwa, na ikalia wakati bado nikijipongeza kwa uangalifu. Kibao chenye namba ya kituo kilianguka. Zilizobaki zilimgusa kulungu, lakini sehemu ambazo kulungu wa kweli angezitumia kukimbilia Norway.

Tage alisema angalau nimemtisha.

Kisha Kjell-Ove. Aliinama, akaiweka ile bunduki begani, akatulia. Niliona mabega yake yakishuka. Alipumua kwanza. Akapiga. Moyoni. Akavuta komeo, likasema "tak", akapiga. Moyoni. Kulungu akakimbia, akampiga moyoni akikimbia.  Mzee Birger alisimama bila fimbo. Alisema, si kwa sauti kubwa, kwamba ni kama kumwona Anselm.

Ndipo Kjell-Ove akaiangalia bunduki, na uso wake ukawa mweupe kama unga. Ufa ulikuwa umefunguka kwenye shingo, sarafu ingepita. Akageuka, kaibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyezirai.

"Nimeivunja," akasema. "Shemeji, nisamehe. Nimeivunja bunduki ya baba."

Watu wote walinitazama. Niliona kwamba mpango umefika pale ulipotakiwa, ingawa kwa njia ndefu. Nikamwekea mkono begani. Nikamwambia mbele ya wote kwamba yaliyotokea yametokea, chuma na mti ni vitu vya kupita, nimemsamehe. Nilisema vizuri. Ndugu mmoja wa shamba la ng'ombe alivua kofia.

"Kjell-Ove," Gunvor akaita kutoka kibandani, huku akigeuza soseji. "Hujavunja kitu. Ilipasuka jana, saunani. Mume wangu aliioka."

Ragnhild akaniuliza kama ni kweli. Nikasema "kuoka" si neno sahihi.

Jiwe kapewa Kjell-Ove. Mimi nimepewa kituo cha barabara ya maziwa, karibu na shimo la samadi la wale ndugu wawili. Hakuna kulungu aliyepita pale tangu wafalme walipoacha kupigana wenyewe.


Jumapili, 7 Oktoba

Gunvor hakuniita kwenye kahawa. Nilikwenda mwenyewe. Alikuwa amekaa na mikono mezani.

Aliniambia nikae. Aliniuliza kama nakumbuka baba yake alisema nini siku ile hospitali. Nikasema nakumbuka vizuri, alisema "ishike".

"Alisema, ishike mpaka Kjell-Ove arudi," Gunvor akasema. "Nilikuwa nimesimama pale. Wewe ulikuwa karibu kuliko mimi."

Nikasema mzee alikuwa anaongea kwa shida.

"Kjell-Ove karudi, Alvar. Karudi zamani. Kila mwaka anakuja kuomba kuishika, na kila mwaka unamwambia afute mikono. Hajawahi kukudai, anadhani baba hakutaka awe nayo. Na mimi nimenyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba hii, na nimechoka na amani hii."

Nilitafakari. Neno "mpaka" linaweza kueleweka kwa namna nyingi. Hata kwenye sheria za barabarani. Nikaanza kumweleza. Akainuka, akavaa koti, akachukua bunduki na vipande vyake, akaenda kwa kaka yake kwa miguu. Mimi nikamfuata na mkoba wa risasi, kwa sababu za usalama.

Sitaandika walichozungumza mlangoni. Walizungumza kidogo sana. Kjell-Ove alikaa kwenye ngazi na kofia yake usoni kwa muda, na Gunvor akakaa pembeni yake, na mimi nikasimama uani nikikagua matairi ya gari lake. Mawili hayana upepo wa kutosha.

Halafu akaipeleka karakana. Gundi, pini ya shaba, kamba ya kukazia. Anajua kutumia mikono yake, hilo siwezi kulipinga, ingawa angeweza kusafisha meza kwanza. Wameafikiana, bila kuniuliza, kwamba bunduki ya baba irudi kwa mtoto na ile ya plastiki ibaki kwangu, polisi wakishabadilisha leseni. Kwa kesho tumeazimana.

Kjell-Ove akanikabidhi ndoo yake kwa mikono miwili. Aliniambia ni bunduki nzuri. Nikasema tutaona.


Jumatatu, 8 Oktoba

Siku ya kwanza ya msimu. Baridi, ukungu, harufu ya samadi.

Nilikuwa kituoni kabla hakujapambazuka vizuri. Mkoba wangu nikautundika kwenye nguzo ya uzio ng'ambo ya barabara, mahali pakavu. Ragnhild akatangaza kwenye redio kwamba amemwachia Tussa. Kisha kimya.

Hakukuwa na la kufanya. Nikaendelea kulinganisha. Nikavuta komeo kusikiliza tena ile sauti ya zipu, na kweli ni zipu, na risasi iliyokuwa mtutuni ikarukia kwenye majani. Nikaona nichunguze pia hicho kitufe cha kasha. Nikakibonyeza. Kinafanya kazi vizuri sana. Kasha likachomoka na risasi zote, likagonga buti langu, likadumbukia kwenye mtaro. Mtaro wa samadi. Ulikoroma mara moja ukafunga mdomo.

Bunduki ya zamani haina kitufe. Hili nitalisema popote.

Risasi nyingine zilikuwa mkobani. Nikainua kichwa ili nivuke barabara, na kati yangu na mkoba alikuwa amesimama kulungu dume. Pembe zake zilikuwa pana kama milango ya ghala iliyofunguliwa. Alinitazama. Nilimtazama. Alipumua, mvuke ukanifikia usoni. Nimeishi miaka mingi, sijawahi kuwa karibu na kitu kikubwa hivyo kisichonijali. Aliutazama mkoba wangu, akaunusa, akauacha. Kisha akaondoka kwa hatua za mtu aliyesikia kahawa ni mbaya, akashika njia ya kinamasi kuelekea Jiwe.

Nilisubiri. Ukasikika mlio mmoja. Mmoja tu, mzito, wa zamani.

Redio ikakwaruza. "Amelala," sauti ya Kjell-Ove ikasema. "Dume. Amelala pale pale."

Ragnhild akaniuliza redioni kama huyo dume hakupita kwangu, maana Tussa alikuwa anabweka upande wangu.

Kikundi chote kilikuwa kinasikiliza. Nikasema, "Alipita. Nilimwachia."

 Mzee Birger, aliyekuwa na redio nyumbani kitandani, akasema kwamba hiyo ni kazi ya muungwana.

Tulipokusanyika Jiwe, Kjell-Ove aliniona akaja moja kwa moja. Alinikumbatia. Mbele za watu. Alikuwa ananuka baruti na damu na gundi. Akasema alidhani nina kinyongo naye, kumbe nilimwacha dume wa namna ile apite ili yeye ampige kwa bunduki ya baba, kwenye Jiwe la baba. Hakuwahi kufanyiwa jambo kubwa hivyo. Alikuwa analia bila kujificha. Gunvor, aliyekuja na chupa za kahawa, alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu enzi za gari letu la kwanza.

Nikajifuta uso kwa mkono wa koti. Ukungu, nadhani. Nikamwambia ndugu ni ndugu.

Ragnhild alikuwa ameinama karibu nami kumfunga Tussa kamba. Aliitazama bunduki yangu, pale chini, penye tundu linalokaa kasha. Akatazama buti langu. Akanong'ona, "Mwalimu, na risasi nazo ulimwachia?"

Kisha akaenda kuleta trela. Huyu mwanamke alifaulu mtihani wangu mara ya kwanza. Nilijua tangu siku ile kwamba hafai kuaminiwa.


Jumapili, 14 Oktoba

Wiki njema. Watu wananisalimia kabla sijawasalimia. Gunvor amepika kulungu kwa uyoga, na Kjell-Ove alikuja kula, akaleta picha ya baba yake yuko Jiwe. Amekuja kila jioni. Nimezoea.

Nimetumia siku hizi kuichunguza Falkhult mpya kwa utulivu, bila chuki, na lazima niseme ukweli: hakuna cha kulinganisha. Kitako hakivimbi, hakipasuki, hakihitaji dawa ya viatu. Kifyatulio ni chepesi kwa mtu mwenye mkono wa kistaarabu. Komeo lina sauti safi ya kisasa. Mti ni wa vijiko. Nimemweleza Kjell-Ove jambo hili mara kadhaa akiwa anakula, kwamba anatembea na kipande cha kabati. Anakubali.

Leo Tage kaja. Kanunua bunduki. Falkhult, kama yangu, anasema, ila toleo lililotoka mwezi huu. Kitako chake kina rangi ya majani makavu, na kifyatulio kinarekebishwa kwa ufunguo mdogo. Anacheka kila akionyesha ule ufunguo. Mtihani wa udereva alifeli kwenye mzunguko wa barabara, akazunguka mpaka mkaguzi akashikwa na kichefuchefu.

Aliilaza mezani kando ya yangu. Nikaishika. Nyepesi, haina roho. Komeo linalia kama stepla. Huu ndio mwisho wa ufundi duniani. Yangu ni ya Machi. Wakati ule watu walikuwa bado wanajua kazi.

Nimemwambia aje nayo Jumatano. Vipimo nitachagua mimi.